Bado Inavuja

Mwezi uliopita fundi alikuja kuziba tangi letu la maji hapa Mwatate. Alipomaliza alifunika saruji mbichi kwa gunia lililoloweshwa, akaniambia ninyunyizie maji asubuhi na jioni ili saruji isikauke haraka ikapasuka. Nikakubali. Kesho yake nilipoinama na kopo langu, harufu ya gunia bichi na saruji ilinipanda puani, ikabidi nikae chini palepale kwenye kokoto. Mjukuu wangu aliuliza kama nimeteleza. Nilimwambia ndiyo, nimeteleza. Mtoto wa umri ule ningemweleza nini?

Harufu ile kwangu ni ya Voi, ya mwaka niliong'oka meno ya mbele, baba alipopewa kazi ya kuziba nyufa za fawara ya mawe katika bustani ya Bi Rukia.

Ninyi wa rika langu mnaikumbuka Voi ile. Vumbi jekundu lililoingia hadi ndani ya sufuria ya maharagwe, mlima Sagalla ukikutazama kila ulikogeukia, na gari moshi likipiga honi watoto wote tukaacha mchezo kwenda kuhesabu mabehewa. Sisi tulipanga vyumba viwili upande wa Kaloleni, katika nyumba ndefu ya mabati iliyojaa watu wa reli na watu wa kuunga maisha. Ndani ya nyumba kila mtu alisema lugha ya kwao. Sisi Kidawida, Mama Mutua wa mlango wa pili Kikamba, na waliotoka Nyanza cha kwao. Nje, penye bomba la maji na kamba za nguo, tulikutana kwa Kiswahili, nacho kilikuwa Kiswahili chetu, ambacho ndani yake karibu kila kitu kilikuwa "i". Mguu inauma. Mkate imeungua. Maji imekwisha. Hakuna aliyemcheka mwenzake. Nalitaja hili kwa sababu yale niliyoyaelewa vibaya mwaka ule yalianzia hapo.

Baba alikuwa fundi wa mawe. Mama alikuwa mkulima mlimani, na alipoolewa akashuka mjini hakuwa na shamba, akawa mwimbaji wa kwaya. Jumapili alifunga kitambaa cheupe kichwani akasimama mstari wa mbele, na hata wangeimba watu mia ningemtambua yeye kwa masikio tu. Mwaka ule tumbo lake lilikua, nikaambiwa nitapata mdogo wangu. Siku alipoanza kuumwa nilipelekwa kwa Mama Mutua. Nililala kwake, nikaamka, nikalala tena, na bado kupitia ukuta wa mabati nilimsikia mama akigumia. Mkunga alikuwa akisema subirini, njia itafunguka. Mwishowe walimtoa kwa mkokoteni wa kubebea mizigo ya stesheni, wamemtandikia godoro, baba akiusukuma mwenyewe kuelekea hospitali huku watu wakimpisha.

Aliporudi hakuwa na mtoto. Nilimwuliza shangazi, dada mkubwa wa baba, aliyekuwa ameshuka kutoka Wundanyi kuja kutupikia. Shangazi Mkawasi akasema, "Mtoto hakukaa." Nilidhani mdogo wangu aliiona nyumba yetu ndogo akakataa kukaa.

Mama naye alikuwa amebadilika. Alitembea akiburuta mguu mmoja. Alihamia chumba cha nyuma, akawa halalii godoro bali magunia yaliyokunjwa, na kila alfajiri kabla ya wengine kufika bombani alikuwa ameshafua vitambaa vyake. Aliviacha vikauke nyuma ya nyumba, kwenye ua wa mkonge ambako hakupita mtu. Kanisani hakwenda tena. Wanawake wa nyumba ndefu walipokaa kivulini jioni kusukana, yeye alibaki ndani, pazia limeshushwa. Kulikuwa na harufu katika chumba kile. Mimi sikuipa jina. Ilikuwa harufu ya mama, basi, kama vile baba alivyonuka chokaa.

Baadaye alirudishwa hospitali akakaa majuma kadhaa. Aliporudi mara hiyo wanawake walikuja mmojammoja, wakasimama mlangoni na kumnong'oneza shangazi.

"Bado inavuja?" Mama Mutua aliuliza.

"Bado inavuja," shangazi alisema. "Waliziba, ikafunguka."

Ni wakati huohuo baba alipopata ile kazi. Bi Rukia alikuwa mjane wa Kiislamu mwenye asili ya Pwani. Marehemu mumewe alinunua nyumba ya wageni karibu na reli kutoka kwa mzungu aliyeondoka bendera ilipobadilika. Katikati ya bustani, kati ya miarobaini na mikaratasi ya maua, mzungu yule alikuwa amejengesha beseni kubwa la mviringo la mawe, na katikati yake nguzo yenye kibakuli juu, ambamo maji yalipaswa kuruka na kumwagikia chini. Bi Rukia aliliita jengo hilo fawara. Baba aliliita fauntini, kama alivyowasikia wazungu. Lilikuwa kavu, limepasuka kila upande, na mijusi ilitoka na kuingia katika nyufa zake kama watu wenye nyumba zao.

"Fundi, wageni wa kwenda mbugani wanapita hapa wamechoka na vumbi," Bi Rukia alimwambia baba siku ya kwanza. "Nataka wakishuka garini wasikie maji. Utaweza?"

"Nitajaribu, mama."

"Usijaribu. Niambie utaweza."

Baba alizunguka beseni lile, akapiga mawe kwa mpini wa nyundo, akisikiliza. "Nitaweza," alisema.

Sikuwa nimeanza shule. Shangazi alimwambia baba anichukue, nisishinde ndani na hewa ile, kwa hiyo kila asubuhi tuliondoka pamoja, yeye na begi lake la vifaa, mimi na kopo langu la uji. Nilimwona akifanya kazi kwa namna ambayo sijawahi kumwona mtu akifanya tangu hapo. Ufa mwembamba kama unywele aliupanua kwanza kwa tindo, jambo lililonishangaza, kwa maana nilitarajia auzibe. "Ufa ukiufunika juu tu, chini unaendelea," aliniambia. Aliukwangua hadi akafika kwenye jiwe zima, akapuliza vumbi, akausafisha kwa brashi na maji, akauacha unywe. Kisha akachekecha mchanga wa mtoni, akachanganya na saruji na chokaa kidogo, akasukuma mchanganyiko ndani kwa ncha ya mwiko, polepole, kama mtu anayemlisha mgonjwa. Juu akatandika gunia bichi. Kazi yangu ilikuwa kulinyunyizia maji.

Saruji ilipokomaa walijaza beseni kwa mpira wa maji. Baba alichora mstari wa makaa pale maji yalipofika. Kesho yake tulipofika maji yalikuwa yameshuka chini ya mstari, na udongo upande wa stesheni umelowa.

"Bado inavuja," baba alisema.

Nilisimama pale nikatazama ule udongo mwekundu uliolowa, na kitu kikajipanga kichwani mwangu. Kumbe ndiyo hii. Ndiyo hii Mama Mutua aliyokuwa akiiulizia mlangoni kwetu, waliyoiziba ikafunguka. Nyumbani kote walikuwa wakisema juu ya fawara ya Bi Rukia, na mama amejifungia chumbani kwa huzuni yake. Sikujiuliza kwa nini wanawake wa Kaloleni wahuzunike kwa ajili ya beseni la mawe. Mtoto hajiulizi hayo. Na kwa kweli lilinipa nafuu, kwa sababu huzuni ya mama hapo awali haikuwa na mahali, na sasa ilikuwa na mahali, na baba alikuwa akiifanyia kazi kwa nyundo na mwiko.

Lilikuwepo jambo jingine lililonithibitishia. Mama alikuwa hanywi maji. Chai akipewa alilowesha midomo tu akairudisha. Shangazi alimgombeza, "Utakauka," naye alijibu, "Afadhali." Maji ya Voi mlikuwa mkiyajua yalivyokuwa, bomba likikatika siku tatu nne tukapanga foleni na madebe. Nikadhani mama anajinyima ili maji yatoshe kwa fawara. Nikaanza na mimi kujinyima. Nilipewa kikombe, nikakunywa nusu, iliyobaki nikaimwaga chini ya mlango nikiamini itafika.

Wiki zikapita hivyo. Baba akapasua tena, akaziba tena, akajaza, akachora mstari, maji yakashuka. Alichimba upande ule uliokuwa unalowa, akakuta mzizi wa mwarobaini umejipenyeza chini ya msingi na kuyainua mawe. Aliukata kwa shoka. Akajaza kokoto, akashindilia. Ufa ukatokea upande mwingine. Bi Rukia alikuja jioni na sinia la mahamri, akanipa tende, akatazama kazi, akaenda zake. Siku moja nilichukua ugali wa jana, nikaukanda mkononi hadi ukawa laini, nikaushindilia ndani ya ufa ambao baba hakuwa ameuona. Alipoupata asubuhi alichuchumaa, akautoa kwa ncha ya mwiko.

"Nani amelisha jiwe?" aliuliza.

Alicheka kidogo, akaniweka mkono kichwani, mkono mzito wenye chokaa. Nilitamani mama auone mkono ule.

Siku moja Bi Rukia alimwuliza, "Fundi, mkeo hajambo? Sijamwona sokoni."

"Hajambo," baba alisema, akaendelea kuchekecha mchanga.

Mwishowe baba alikwenda kwa rafiki yake wa reli akapata kipande cha lami. Aliiyeyusha kwenye kopo juu ya moto wa kuni palepale bustanini, moshi mweusi ukatufukuza sote, akaimimina ndani ya viungo vya chini kabisa kabla ya kuvifunika kwa saruji. Tukasubiri. Beseni likajazwa. Akachora mstari wake. Asubuhi iliyofuata maji yalikuwa yamekaa juu ya mstari, hata jani moja la mwarobaini lililoanguka halijasogea. Baba alizunguka akigusa udongo kwa kiganja pande zote. Ulikuwa mkavu. Alisubiri asubuhi nyingine ndipo akamwita Bi Rukia.

"Haivuji tena, mama."

Mpishi alitoka jikoni, na wafagiaji, na mgeni mmoja mwenye kofia. Mpira uliunganishwa kwenye bomba la nguzo, maji yakaruka mpaka kimo cha mtoto, yakaanguka kwenye kibakuli, yakamwagika. Bi Rukia alisimama na mikono kifuani. "Alhamdulillahi," alisema. Kisha akaniinamia mimi. "Nenda kamwambie mamako aje aone. Mwambie Bi Rukia anamwita."

Nilikimbia njia nzima. Nilimkuta mama ua wa nyuma, ameketi kwenye kigoda akichambua maharagwe, amejifunga kanga juu ya kanga.

"Mama, haivuji tena."

Vidole vyake vilisimama ndani ya ungo. "Unasema nini?"

"Haivuji tena. Baba amesema."

"Baba yako amekuambia wewe maneno hayo?"

"Amewaambia wote. Amemwambia Bi Rukia."

Mama aliuweka ungo chini. Naukumbuka uso wake ulivyobadilika rangi, sikuelewa kwa nini, maana nilikuwa nimeleta habari njema. "Bi Rukia anajua?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Anajua tangu mwanzo. Yeye ndiye aliyemwambia baba aizibe. Leo watu wamekuja kuangalia, hata mpishi. Amesema na wewe uje uone, maji yanaruka mpaka hapa." Nikamwonyesha kwa mkono kifuani pangu.

Alinitazama. "Maji ya wapi?"

"Ya fawara."

"Ya fawara," mama alisema.

Akaanza kucheka. Sikuwa nimesikia kicheko chake tangu mkokoteni ule, nikacheka naye, nikamkumbatia shingoni ingawa wakati huo hakupenda kukumbatiwa. Na kwa sababu nilikuwa na furaha nikamaliza yote niliyokuwa nayo moyoni.

"Sasa unaweza kunywa maji," nilimwambia. "Hayapotei tena."

Kicheko kikakatika. Alinishika nikasimama mbele yake, akanitazama machoni kama anayetaka kujua nimejifunza wapi kusema vile. Nadhani hapo ndipo alipoyaona yote niliyoyafikiri kwa miezi, moja baada ya jingine. Akanichukua mkono, akauweka juu ya kanga yake, pajani. Ilikuwa imelowa, yenye joto.

"Hii ndiyo inavuja," alisema. "Ni mimi, mwanangu. Nilipomzaa mdogo wako niliraruka ndani, na mkojo haukai. Fawara ni kitu kingine."

Nilitazama mkono wangu. Aliufuta kwa ncha kavu ya kitambaa cha kichwani, kidole kwa kidole, akarudi kwenye maharagwe yake.

Jioni ile, shangazi akiwa ametoka kununua maziwa, nilikuwa sebuleni nikiwasikia kupitia pazia. Hawakuwa wakigombana. Ningependa niseme waligombana.

"Nasikia imeshika," mama alisema.

"Imeshika."

"Umeirudia mara ngapi?"

"Sikuhesabu."

"Mimi mlinirudisha mara moja."

Baba aliketi. Kisha akasema, "Daktari alisema hakuna njia."

"Alisema yeye hana njia. Alisema Nairobi wako wengine."

"Nairobi ni mbali."

"Ni mbali. Lakini gari moshi linapita hapa kila siku."

Nilimsikia baba akivua viatu, kimoja, halafu kingine. "Jiwe halioni aibu," alisema. "Wewe ningekupandishaje behewani na watu wote wale? Usiku kucha?"

"Ningekaa karibu na dirisha," mama alisema.

Shangazi akaingia na maziwa.

Shangazi hakuwa mtu mbaya, na sitaki aonekane hivyo. Ni yeye aliyemkanda mama mguu kwa mafuta ya moto, na ni yeye aliyewafukuza watoto wa jirani walioziba pua wakipita dirishani. Lakini alikuwa na ndugu mmoja tu, na aliona ndugu yake hana mtoto wa kiume, hana chakula cha mkono wa mke, na nyumba yake imekimbiwa na wageni. Alituma habari Makwasinyi, upande wa Kasigau, kwa kaka yake mama, aje amchukue. Baba alijua. Mama naye nadhani alijua, kwa sababu lori lilipofika sanduku lake la bati lilikuwa limeshafungwa kamba.

Lilikuwa lori lililoleta mbuzi sokoni, sasa linarudi Kasigau tupu. Mjomba Kilelu alishuka akamsalimia baba kwa heshima, wakaulizana habari za mvua. Kiti cha mbele kilikuwa na nafasi. Mjomba alimfungulia mama mlango.

"Saru, panda hapa. Wewe ni mgonjwa."

"Nitakaa nyuma," mama alisema. "Kuna upepo."

Baba alipakia sanduku, akamshika mkono kumpandisha, akamtandikia gunia. Alilikunja vizuri, akalisawazisha pembeni kama alivyosawazisha kila kitu. Mimi niliambiwa nitabaki kwa sababu Januari naanza shule. Mama aliinama juu ya ubao wa lori akanifunga vizuri kifungo cha gauni, akaniambia nimsikilize shangazi. Lori likaondoka, vumbi likawafunika, na muda mrefu lilikuwa likionekana kwenye barabara ile iliyonyooka, kama halitaki kupotea.

Ile fawara ilifanya kazi msimu mmoja tu. Ukame ulipozidi maji yakakatwa mjini, Bi Rukia akafunga bomba, na baadaye aliuza nyumba akarudi kwa watu wake Mombasa. Mwenye nyumba mpya alijaza beseni udongo akapanda mikaratasi. Nilipita hapo mara nyingi nikienda shule. Baba hakupita. Alioa tena, mwanamke mpole ambaye alinilea bila ubaya, akapata watoto wa kiume, akajenga nyumba za watu wengi hapa wilayani. Jina la mama sikumsikia akilitaja tena, si kwa wema wala kwa ubaya.

Likizo za shule niliruhusiwa kwenda Makwasinyi. Mjomba alikuwa amemjengea mama nyumba ya udongo peke yake, nyuma ya zizi la mbuzi, mbali kidogo na ya wengine. Ilikuwa safi kuliko nyumba zote za boma lile. Alikuwa na kunde zake na mihogo, alilima na mguu wake ule, akaniita nimshikie mbegu. Kila tulipokaa kupumzika aliangalia kwanza majani ya miti yanaelekea wapi, ndipo anachagua upande wa kukaa, ili upepo utoke kwangu kwenda kwake. Mwanzoni sikugundua. Nilipogundua nilianza kuhama nikakae karibu naye, naye akahama, tukahamahama hivyo siku nzima bila hata mmoja kusema kwa nini.

Jumapili watu waliposhuka kanisani alibaki. Kutoka shambani kwake kwaya ilisikika, mlima ukiirudisha. Mama aliimba sauti ya kwanza akiwa amesimama kati ya kunde, jembe mkononi, kwa sauti ya chini ambayo haikumfikia mtu isipokuwa mimi.

Usiku hakunikubalia nilale kwake. Nililia, nikamwambia sijali. "Mimi najali," alisema, akanisindikiza hadi mlango wa mjomba.

Miaka mingi baadaye, nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza hospitali ya Mombasa, muuguzi aliniuliza kama katika ukoo wetu kuna mwanamke aliyepata shida ya uzazi. Nikamweleza. Alisikiliza akiandaa kitanda, akasema kwamba jeraha lile linashonwa, lilishonwa hata zamani zile na waliojua kulishona, na likifunguka linashonwa tena. "Wako walioshonwa hadi ikashika," alisema. "Ni kurudia tu." Alinikuta nimeugeukia ukuta, akadhani ni uchungu wa mishono yangu mwenyewe.

Lakini hayo niliyajua baadaye. Mama alipofariki nilikuwa bado shule ya sekondari, na nilijua tu nilichoambiwa, kwamba ilikuwa homa, na kwamba alikuwa amedhoofika figo kwa kutokunywa maji. Mwalimu aliniita nje ya darasa. Nilifika Makwasinyi wamekwisha kumzika, kwa sababu ya joto. Baba alituma mbao za jeneza lakini hakuja.

Baada ya watu kutawanyika nilibaki nyumbani kwake na mke wa mjomba tukikusanya vitu vyake. Vilikuwa vichache. Sufuria, jembe, Biblia ya Kidawida iliyochanika jalada, na kanga nyingi, kuukuu, zimefuliwa hadi maua yake hayaonekani, zote zimepangwa kwenye sanduku la bati. Tulizitoa tukaanza kuzikunja upya, yeye ameshika ncha mbili na mimi mbili.

"Alikuwa na jambo moja mama yako," mke wa mjomba alisema. "Kila mtu aliyekwenda Voi, yeye alimwomba amwulizie hospitali kama amekuja daktari mwingine. Kila anayekwenda. Hata mwaka huu aliuliza."

"Mlimjibu nini?"

"Tulimwambia bado hajaja."

Tulikuwa tumekunja ile kanga hadi ikawa ndogo. Aliichukua kutoka mikononi mwangu, akailaza juu ya nyingine, akabaki ameishikilia kwa viganja.

"Hakuna aliyekwenda kuuliza, mwanangu," alisema. "Tulikuwa tunaona haya."

Nikachukua kanga nyingine. Nikamkabidhi ncha zake mbili.